Miksi za Nyumbani kwa Marafiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Miksi inatofautianaje na orodha ya nyimbo?

Miksi ni nyimbo kadhaa zilizounganishwa kuwa faili moja la sauti, lenye mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Ukituma orodha ya nyimbo kutoka kwenye huduma ya muziki, unachotuma ni majina tu. Programu ya msikilizaji ndiyo inayocheza. Mwenzako anaweza kuvuruga mpangilio, kuruka asizozijua, au kukuta wimbo wa nne umeshaondolewa. Kwenye miksi, wimbo wa nne unaingia pale pale ulipotaka uingie, juu ya ngoma za wimbo wa tatu, na hakuna wa kuuhamisha.

Jambo hili si geni. Philips walileta kaseti mwaka 1963, na tangu hapo watu wamekuwa wakirekodiana nyimbo. Kaseti ya C90 ilikuwa na dakika 45 kila upande, kwa hiyo ililazimu kuchagua: wimbo huu ukiingia, ule unabaki nje. Leo hakuna anayekulazimisha kuchagua, na ndiyo maana miksi nyingi zinazopita mitandaoni ni ndefu kuliko zilivyostahili.

Nianze na vifaa gani?

Kompyuta yoyote isiyokwama ikifungua faili za sauti, na hedifoni za waya. Hilo la waya nalisisitiza. Hedifoni za Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukisikiliza tu hutaona tofauti, lakini ukijaribu kuweka ngoma moja juu ya nyingine huku ukibonyeza kwa mkono, utakuwa nyuma kila mara na hutajua kwa nini.

Kuhusu programu, zipo mbili za bure zinazotosha kabisa. Audacity, iliyotoka mwaka 2000, inakuwezesha kupanga nyimbo kwenye mistari, kukata, kusogeza na kufifisha. Mixxx inakupa deki mbili kama za DJ, unachanganya papo kwa papo na kurekodi. Kama nia yako ni kuvuka mitindo, anza na Audacity. Maungio magumu yanahitaji kujaribiwa tena na tena, unasogeza mbele kidogo, unarudisha nyuma kidogo, na hilo halifanyiki ukiwa unacheza moja kwa moja. Kwenye simu inawezekana pia, ila kukata kwa kidole kwenye kioo kidogo kunachosha.

Nitatokaje mtindo mmoja kwenda mwingine bila msikilizaji kushtuka?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote ni ya kulihudumia.

Kwanza weka kando majina ya mitindo. Sikio halisikii “rumba” wala “rege”. Linasikia gitaa linalozunguka, besi inayoacha pengo kwenye pigo la kwanza, sauti ya mwanamke iliyo karibu na maikrofoni, makofi. Tafuta kitu kimoja kinachosikika katika nyimbo zote mbili, halafu kifanye hicho kiwe njia ya kupitia. Nyimbo mbili za mtindo mmoja zinaweza kukataana kabisa, na nyimbo mbili zilizorekodiwa kwa tofauti ya miaka hamsini zikashikana kwa sababu tu zote zina kengele inayopigwa kwa mpangilio uleule.

Tuchukue mfano wa kutoka kwenye rumba kwenda kwenye house. Wimbo wa rumba umefika kwenye sebene: waimbaji wamenyamaza, gitaa la solo linarudia kifungu kifupi. Tuseme kasi ni mapigo 120 kwa dakika. Kila pigo ni nusu sekunde, kipimo cha mapigo manne ni sekunde 2, na vipimo nane ni sekunde 16. Ingiza wimbo wa house ukiwa na matoazi na makofi tu, besi yake umeizima kwenye ikwalaiza (kidhibiti cha kupandisha na kushusha besi na sauti za juu). Uache hivyo kwa sekunde 16. Katika sekunde 16 zinazofuata, shusha besi ya rumba kidogo kidogo. Kipimo cha kumi na saba kinapoanza, kwenye pigo lake la kwanza kabisa, zima kilichobaki cha besi ya rumba na ufungulie ile ya house. Gitaa liache liendelee juu kwa sekunde nyingine 16, ndipo lififie. Msikilizaji atakuja kutambua kwamba yuko kwenye house akiwa ameshaingia zamani.

Kuna mtego mmoja. Rekodi za zamani zilipigwa na watu, bila mashine ya kushika kasi, na bendi ikipata moto kwenye sebene huongeza mwendo bila kujua. Ukioanisha mwanzo tu, baada ya vipimo kumi ngoma zitakuwa zinagongana. Dawa ni kukata wimbo wa zamani kila baada ya vipimo vinne na kuurudisha kwenye mstari kwa mkono, au kufanya ungio fupi, sekunde nane tu, kabla mwachano haujasikika. Mimi huchagua ungio fupi. Ule mwendo unaopanda ni uhai wa wimbo, na kuunyoosha ni kuupokonya kitu ambacho wapigaji walikiweka.

Kasi zikikataa kabisa, pita kwa ala: fidla za taarabu zikaishia kwenye fidla za okestra, au saksafoni ya dansi ikaipokeza ile ya jazi. Au pita kwa mazingira, kama vile kelele za watazamaji zinazomalizia rekodi ya jukwaani na kuanza nyingine. Au kaa kimya. Sekunde mbili za ukimya baada ya wimbo mzito ni ungio halali, na mara nyingi ni bora kuliko mchanganyiko wa kulazimisha.

Je, lazima kasi zilingane?

Hapana, lakini zinapohusiana kazi inakuwa nyepesi. Kumbuka nusu na maradufu. Singeli mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika. Nusu yake ni 100 na kidogo, na hapo ndipo hip hop nyingi zinapotembea. Rege ya mapigo 70 inakaa vizuri chini ya wimbo wa 140. Kichwa cha msikilizaji kinaendelea kutikisika vilevile huku kila kitu kingine kikiwa kimebadilika, na raha hiyo hutaipata kwenye miksi ya mtindo mmoja.

Programu inaweza kubadili kasi bila kubadili kimo cha sauti, lakini usiivute sana. Ukizidi asilimia nne au tano, sauti ya mwimbaji ndiyo inayoumia mwanzo: inaanza kutetemeka na kupata ukali wa bati. Ngoma tupu huvumilia zaidi. Ukipandisha kasi kwa njia ya zamani, kama santuri inayozungushwa haraka, ongezeko la asilimia 6 hivi hupandisha wimbo mzima kwa nusu toni.

Na ufunguo wa wimbo?

Ufunguo, yaani noti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake, una maana pale tu sauti mbili zenye melodi zinaposikika kwa pamoja. Mixxx hukupimia ufunguo wa kila wimbo. Ma-DJ wengi hutumia duara la Camelot, lenye namba 1 hadi 12 na herufi A kwa maina (minor) na B kwa meja (major). A maina ni 8A, C meja ni 8B. Ukibaki kwenye namba hiyohiyo au ukasogea moja, nyimbo kwa kawaida hukubaliana.

Lakini sikio ndilo hakimu. Programu hizi zimejengwa juu ya nusu toni kumi na mbili za kinanda, na zikikutana na wimbo unaofuata maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) zenye sauti za katikati, hubahatisha tu. Nyimbo za ngoma na sauti bila ala nazo huzichanganya. Kama masikio yako yanakubali na namba inakataa, yafuate masikio.

Kwa nini sauti inanyong’onyea katikati ya ungio?

Kwa sababu umefifisha kwa mstari ulionyooka. Wimbo mmoja unashuka, mwingine unapanda, na katikati kila mmoja uko nusu. Nyimbo mbili tofauti zikiwa nusu nusu haziungani kuwa moja kamili. Nguvu hushuka kwa desibeli 3 hivi, na sikio linaliona bonde. Kwenye Audacity chagua mpito wa nguvu isiyobadilika badala ya ule wa kawaida, na bonde litatoweka.

Kama tatizo ni kinyume chake, yaani sauti inajaa tope, basi besi mbili zinacheza kwa wakati mmoja. Moja izimwe. Hakuna njia nyingine.

Wimbo wa zamani unasikika chini, wa kisasa unapasua masikio. Nifanyeje?

Usiangalie kilele cha mawimbi, pima ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Kipimo chake huitwa LUFS, na Audacity ina zana ya kusawazisha kwa kipimo hicho. Spotify na YouTube husawazisha kwenye −14 LUFS hivi, na kiwango hicho kinafaa kwa miksi ya nyumbani pia. Sawazisha kila wimbo peke yake kabla ya kuunganisha, kisha kagua kwamba kilele cha miksi nzima kiko chini ya sifuri kwa angalau desibeli moja, ili faili lisikwaruze likishabanwa.

Baada ya hapo sikiliza tena na urekebishe kwa mkono. Wimbo wa sauti moja na gitaa moja ukilinganishwa kwa namba na wimbo wa bendi nzima utasikika mkubwa kupita kiasi, kana kwamba mwimbaji amekuinamia. Huo ushushe desibeli mbili au tatu. Na mkwaruzo wa santuri uache. Ukiusafisha kupita kiasi, hewa yote ya rekodi inaondoka nao.

Miksi iwe na urefu gani?

Dakika 40 hadi 60. Kwa mtu ambaye hujawahi kumtumia, dakika 20 zinatosha.

Nihifadhi faili la aina gani, na litakuwa zito kiasi gani?

Hesabu kwa saa moja. WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya ubora wa CD ni takriban megabaiti 635, nzito mno kwa kutuma. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ni 144, na ya 192 ni 86. Opus, muundo mwingine wa kubana sauti uliowekwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012, ikiwa na kilobiti 128 inabeba muziki vizuri kwa megabaiti 58 hivi, ila vifaa vya zamani havifungui Opus. Kama hujui mwenzako anatumia nini, tuma MP3 ya 192. Fikiria bando lake, siyo lako. Wewe unapakia mara moja, lakini kama mko kumi kwenye kundi, inapakuliwa mara kumi.

Kubana mara mbili ndiko kunakoharibu. Ukichukua MP3, ukaichanganya na kuihifadhi tena kama MP3, kila hatua inakula kitu, na ukibadili faili la kilobiti 128 kuwa 320 unaongeza uzito tu, kilichopotea hakirudi. Hifadhi mradi wako kama WAV au FLAC (inayobana bila kupoteza kitu) mpaka mwisho, kisha toa nakala ya kutuma mara moja tu.

Je, uikate miksi vipande, wimbo mmoja faili moja? Usifanye hivyo kwa MP3. Muundo huo huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na programu nyingi za kuchezea haziuondoi, kwa hiyo kila ungio ulilolihangaikia litakatika kwa kijipengo. Tuma faili moja, na kama unataka waweze kuruka, ambatisha faili la CUE linaloonyesha kila wimbo unaanzia wapi. Mixxx hulitengeneza yenyewe ukiiwekea mpangilio huo wakati wa kurekodi.

Nitume kwa njia gani?

Kwa mtu mmoja au kikundi kidogo, WhatsApp na Telegram zote hupokea faili la hadi gigabaiti 2. Kwenye WhatsApp litume kama waraka, ili lifike jinsi lilivyo na jina lake. Usicheze miksi kwenye spika ukairekodi kama ujumbe wa sauti: ile imetengenezwa kwa maongezi, na muziki ukipita humo hubaki mifupa. Barua pepe ya Gmail inaishia megabaiti 25, kwa hiyo weka faili kwenye hifadhi ya mtandaoni na utume kiungo kinachofunguka kwa wale tu uliowachagua.

Je, ni halali?

Hapa sitazunguka. Katika nchi nyingi, kupakia hadharani miksi yenye nyimbo za watu bila idhini ni kukiuka hakimiliki, hata kama hupati senti. Ndani ya kila wimbo mna haki za aina mbili: za mtunzi, zinazolindwa kimataifa na Mkataba wa Berne wa 1886, na za rekodi yenyewe pamoja na wasanii walioipiga, zinazolindwa na Mkataba wa Roma wa 1961. Ukiuchanganya wimbo unazigusa zote.

Kwa matumizi ya faragha, nchi zinatofautiana sana. Sheria ya Ujerumani inaruhusu nakala kwa matumizi binafsi, na wenye haki hulipwa kupitia tozo kwenye vifaa vya kurekodia. Uingereza iliruhusu nakala binafsi Oktoba 2014, kisha Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo mwaka 2015. Soma sheria ya pale unapoishi, na ujue kwamba kumpa rafiki mmoja na kuweka wazi kwa dunia nzima ni vitu viwili tofauti karibu kila mahali.

Njia safi ipo. Mixcloud, iliyoanzishwa London mwaka 2008, ina leseni na wenye haki kwa ajili ya miksi. Watu husikiliza mtandaoni bila kupakua, na malipo huwafikia wanaostahili. Kwa miksi unayotaka isikike nje ya marafiki zako, hapo ndipo ningekuelekeza. Kwenye YouTube, mfumo wa Content ID, uliopo tangu 2007, hutambua nyimbo zilizomo. Mwenye haki anaweza kuzuia video, kuiacha ikiwa na matangazo yanayomlipa yeye, au kufuatilia tu takwimu zake.

Nimesikia sekunde chache haziwezi kuniletea shida. Ni kweli?

Si kweli. Hakuna sheria ya jumla ya sekunde kumi wala thelathini. Na kuandika “sidai umiliki wa nyimbo hizi” chini ya miksi si idhini.

Nitapata wapi muziki ninaoweza kuutumia bila hofu?

Tafuta nyimbo zenye leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa Desemba 2002, lakini soma herufi zake. BY inataka umtaje msanii. NC inakataza biashara. ND inakataza kazi iliyobadilishwa, kwa hiyo wimbo wenye ND usiuchanganye.

Kisha kuna rekodi zilizoisha muda wa ulinzi. Nchini Marekani, rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923 zilikuwa huru tarehe 1 Januari 2022. Za mwaka 1923 zikafuata Januari 2024, na tangu hapo kila Januari huongeza mwaka mmoja. Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyo mkubwa wa rekodi za enzi hizo, National Jukebox, unaosikilizwa bure. Ni hazina kubwa kwa anayevuka mitindo: jaribu kuingiza sauti ya miaka mia moja iliyopita, nyembamba na yenye mkwaruzo, juu ya besi nzito ya leo. Hakikisha tu kwamba sheria ya nchi yako nayo inairuhusu.

Na njia ninayoipenda kuliko zote: mwandikie msanii. Wasanii wasio na kampuni kubwa nyuma yao mara nyingi wanajibu wenyewe. Hifadhi jibu lake.

Niweke majina ya nyimbo au niyafiche?

Yaweke. Yote. Maselekta (wachagua na wacheza santuri) wa Jamaika walikuwa wakikwangua lebo za santuri zao ili washindani wasijue wanacheza nini, na kwao ilikuwa na sababu, kwani wimbo usiojulikana ndio uliojaza ukumbi. Wewe hushindani na rafiki yako. Msanii aliyekupa dakika nne za uzuri anastahili jina lake kutajwa, na rafiki aliyesimama dakika ya 23 akijiuliza “huyu ni nani?” anastahili jibu.

Andika dakika na sekunde, msanii, jina la wimbo, na mwaka kama unaujua kwa hakika. Kama ni rekodi ya bendi, mtaje pia mpiga gitaa au mtunzi pale anapojulikana. Orodha iwekwe ndani ya ujumbe wenyewe, isiwe kwenye picha, ili majina yaweze kunakiliwa na kutafutwa. Usiyaandike kwa kubahatisha. Kosa la jina likishasambaa kwenye nakala za watu halifutiki.

Nimetuma, na rafiki yangu hajasema lolote. Nimuulize?

Mpe muda. Saa moja ya kusikiliza ni kubwa kuliko dakika mbili za kutazama kipande cha video. Ukimuuliza, usimuulize kama ameipenda, maana atasema ndiyo. Muulize aliishia wapi. Mahali alipoishia panakuambia ungio lipi halikufanya kazi, na hilo lina faida kuliko sifa.

Tunaweza kutengeneza miksi moja watu kadhaa?

Ndiyo, na ndiyo njia bora ya kusikia mitindo ambayo usingeigusa mwenyewe. Mtu wa kwanza anatengeneza dakika kumi na kumtumia wa pili dakika mbili za mwisho tu. Wa pili anaanzia hapo, kwa masharti kwamba wimbo wake wa kwanza ushikane na wa mwisho wa mwenzake lakini usiwe wa mtindo uleule. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho, na hakuna anayesikia kitu kizima kabla hakijaisha.

Kubalianeni mapema mambo matatu ya kiufundi, la sivyo anayeunganisha atateseka: faili ziwe WAV au FLAC, kiwango cha sampuli kiwe 44.1 kilohezi kwa wote, na ukubwa wa sauti uwe −14 LUFS. Kila mmoja aache sekunde 30 za wimbo wake wa mwisho bila kuufifisha, maana anayefuata atazihitaji kwa ungio. Majina ya faili yaanze na namba ya zamu, 01, 02, 03, na kila mtu atume orodha ya nyimbo zake siku ileile anayotuma sauti.